Kwa nini Omani kuna mchu peke yake

Maneno haya yalisemwa mbele ya walimu na wanafunzi wa sekondari, Konde, Pemba. Yameandikwa baadaye, na salamu zimepunguzwa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazee wetu mliotuheshimu kwa kuja, nanyi wanangu mliokaa chini kwa kuwa viti havikutosha.

Nimeombwa niseme juu ya mazingira. Najua mmezoea: anakuja mtu, anawaambia pandeni miti, msikate miti, mnagaiwa miche, mnapigwa picha, mnakwenda zenu. Mimi leo sina miche. Nimekuja na hesabu. Ukiondoka ikweta ukaelekea kaskazini, au ukaelekea kusini, aina za mimea zinapungua. Jambo hili wataalamu wamelijua zaidi ya miaka mia mbili, na mpaka leo wanagombana juu ya sababu yake. Sisi tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo kesi inatuhusu.

Tuanze pwani, maana huko kila mtu amefika. Mkienda kuokota chaza mnapita katikati ya mikoko. Watu wa mjini huita yote mikoko, lakini nyinyi mnajua kwamba mlilana ni mwingine, mkoko wenye miguu ni mwingine, mkandaa mwingine, msinzi mwingine, mkomafi ule wenye tunda kubwa mwingine, msikundazi mwingine, na mchu mwingine. Ukihesabu pwani yote ya Tanzania, Bara na Visiwani, unapata aina kumi.

Sasa tupande jahazi. Babu zetu waliona kusi ikianza, majahazi yanapakia boriti za Rufiji na Lamu yanakwenda nazo Maskati, Sur na Ghuba nzima. Kwa nini Mwarabu aje kununua boriti Afrika, na kwao mikoko ipo? Ipo kweli. Nenda Maskati, mtaa wa Qurm, utaiona imesimama majini. Lakini ni mchu mtupu. Mkoko, mkandaa na msinzi, ambao ndio wenye boriti zilizonyooka, pwani ya Omani haioti. Mkitazama nyumba za mawe za Mji Mkongwe, upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, na nyumba za zamani za Ghuba ni vivyo hivyo. Kwa hiyo watu wa nyuzi 23 kaskazini walikuwa wakilala katika vyumba vilivyopimwa kwa miti iliyoota karibu na nyuzi 8 kusini.

Geuzeni jahazi muelekee kusini. Afrika Kusini nzima wana aina sita za mikoko, na ukizidi kuteremka na pwani yao zinabaki tatu, kisha mbili, kisha hakuna. Vukeni bahari mpaka jimbo la Victoria, Australia, karibu nyuzi 39 kusini, kwenye mikoko ya mwisho kabisa upande wa kusini wa dunia. Mtaikuta aina moja. Mchu. Mchu huu huu wetu, Avicennia marina, ingawa wataalamu wameupa wa kule jina la ziada la kuutofautisha.

Tuna ncha mbili, basi, na kila ncha imesimama mchu peke yake. Naomba muushike huo mchu, nitaurudia.

Ukitoka pwani ukahesabu mimea yote yenye mishipa ya maji, ukaacha mwani na kuvumwani, hesabu inatisha zaidi. Bara zima la Antaktika lina mimea ya maua ya asili miwili, nyasi mmoja na mmea mmoja mdogo unaojikunja chini kama zulia. Visiwa vya Svalbard, nyuzi 78 kaskazini, vina aina kama 180. Uingereza ina kiasi cha 1,500 za asili. Ecuador, ambayo kwa ukubwa inaizidi Uingereza kidogo tu, ina zaidi ya 17,000. Tanzania tuna zaidi ya 10,000, lakini nchi yetu ni kubwa mara nne ya Uingereza, kwa hiyo mtu muadilifu hajisifu kwa hesabu hiyo kabla ya kuigawa. Ecuador haina udhuru huo. Na huko huko Ecuador, katika msitu wa Yasuní, wataalamu walipima kipande cha hekta 25, wakahesabu kila mti, wakapata zaidi ya aina 1,100. Bara la Ulaya lote, kutoka Ureno mpaka milima ya Ural, halifikishi aina 500 za miti ya asili. Hekta 25 ni shamba ambalo mtu mzima analizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri.

Aliyeanza kuliweka jambo hili kwenye karatasi ni Mjerumani, Alexander von Humboldt, aliyezunguka Amerika baina ya mwaka 1799 na 1804 pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland. Mwaka 1802 walipanda mlima Chimborazo. Kileleni hawakufika. Lakini walivyokuwa wakipanda waliandika mmea gani unaota wapi na unakoma wapi, na Humboldt akaona kuwa kupanda mlima wa ikweta ni kuifupisha safari ya kwenda ncha ya dunia: chini msitu mkubwa, juu yake vichaka, juu tena nyasi, mwisho mawe na theluji. Aliyewahi kusimama Moshi akaitazama Kilimanjaro ameona hayo hayo bila nauli ya Ecuador. Humboldt alihisi kwamba baridi ya kugandisha ndiyo inayofunga mlango. Hakukosea, ila mlango una kufuli zaidi ya moja.

Nikiwauliza nyinyi, najua mtajibu: jua. Huku kuna jua jingi. Sasa nendeni tena Omani. Jua la Omani linashindwa na la Pemba? Hasha. Jangwa la Sahara lina jua kuliko sisi. Jua bila maji linaua. Pwani ya Omani haina jalidi ya kuua mkoko, tatizo lake ni ukavu: mvua haba, hakuna mito mikubwa ya kuleta maji matamu, na chumvi inapanda kwenye matope mpaka miti mingine inashindwa. Mchu unastahimili chumvi. Unaitoa kupitia majani. Utafuneni jani lake mtaionja. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni joto na maji vikikutana katika miezi ile ile ya mwaka, na ukanda wa ikweta ndipo vinapokutana kwa muda mrefu zaidi. Hilo ndilo kufuli la kwanza.

La pili ni hilo la baridi, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ni jambo la kupendeza. Ndani ya mti maji yanapanda kwenye mirija myembamba kutoka mizizini mpaka jani la juu kabisa, na uzi ule wa maji hautakiwi kukatika. Yakiganda, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inatoka inakuwa vipovu. Barafu ikiyeyuka, vipovu vinatanuka, vinaziba mrija, na jani lililo juu linakufa kwa kiu huku mizizi imekaa majini. Mrija ukiwa mpana ndipo unapoumia zaidi. Miti mingi ya kwetu ina mirija mipana, kwa sababu mrija mpana unapitisha maji mengi na hapa hakuna kinachoiadhibu. Mchu una mirija myembamba kuliko mkoko. Basi mti ule ule umefika Omani kwa kustahimili chumvi na umefika Victoria kwa kustahimili ubaridi. Wenzake wamebaki njiani.

Mtu akiuliza, na ni haki yake kuuliza: mimea ya kaskazini imekuwa na muda wote huo, kwa nini haikujizoesha ikazaana aina nyingi kama huku? Jibu liko ardhini. Katika udongo wa mfinyanzi wa London, wenye umri wa kama miaka milioni 50, wanaokota visukuku vya matunda ya Nypa, mti wa jamii ya minazi unaoota matopeni, ambao leo utaukuta Asia ya kusini mashariki pamoja na mikoko. Nypa, Uingereza! Zama hizo dunia ilikuwa na joto, hata Aktiki kulikuwa na misitu. Koo nyingi za mimea zilizaliwa katika joto lile, zikajengeka kwa joto lile. Dunia ilipopoa, koo chache ziliweza kubadili mirija yake, majani yake na mbegu zake. Nyingi zilirudi ikweta, au zilikufa zilipokuwa.

Kisha ikaja barafu, ikaondoka, ikarudi, mara nyingi. Miaka 20,000 tu iliyopita, Uskoti, Skandinavia na karibu Kanada yote vilikuwa chini ya barafu. Miti ya Ulaya ilipokimbilia kusini ilikuta milima ya Alps imelala mashariki kwa magharibi, na nyuma yake bahari. Aina nyingi ziliishia pale. Kule Marekani milima imesimama kaskazini kwa kusini, miti ikapita pembeni, na ndiyo maana mpaka leo misitu ya Marekani mashariki ina miti ya maua iitwayo magnolia, ya asili, na Ulaya haina, ingawa zamani ilikuwa nazo.

Kufuli la tatu lina wadudu. Mwaka 1970 Mmarekani Daniel Janzen, na mwaka uliofuata mwenzake Joseph Connell, walisema kila mmoja kwa upande wake: katika nchi ya joto, mche unaoota chini ya mama yake unaliwa, kwa kuwa wadudu na maradhi ya ukoo huo yameshakusanyika pale pale. Mche uliochukuliwa mbali na popo au ndege ndio unaopona. Nafasi iliyo chini ya mama inachukuliwa na mti wa ukoo mwingine. Baridi kali, inayoua wadudu kila mwaka, huku haipo. Wataalamu bado wanabishana kama jambo hili lina nguvu zaidi ikweta kuliko kwingine; kila upande una vipimo vyake. Lakini waulizeni watu wa misitu habari ya mvule. Mvule wa mbao nzuri, uliopo msitu wetu wa Ngezi hapo, nani asingetaka shamba lake? Wamejaribu sehemu nyingi za Afrika. Miche ikipandwa safu kwa safu, mvule mtupu, anakuja mdudu mdogo aitwaye Phytolyma, anavimbisha machipukizi yote kama majipu, na miche inakufa. Msituni, mmoja huku na mwingine kule, inakua mpaka watu watatu hawaukumbatii. Mimi sihitaji ushahidi mwingine kuamini kwamba Janzen na Connell walikuwa na jambo.

Haya yote yasiwafanye mdhani kuwa mstari wa latitudo wenyewe unaotesha kitu. Kule Afrika Kusini, kwenye pembe ya Cape, nyuzi 34 kusini, kuna mimea kiasi cha aina 9,000 katika eneo ambalo ni kama moja ya kumi ya Tanzania, na nyingi haziko kwingine duniani. Kwa sheria ya ikweta ilikuwa wawe maskini. Mwani nao hautii amri: pwani ya kusini ya Australia, kwenye maji ya baridi, ina aina zaidi ya elfu, kwa hiyo kina mama wa Pemba wanaolima mwani wasidhani bahari yetu ya joto ndiyo makao makuu yake. Na sisi Waafrika tuna la kujiuliza. Msitu wa Lambir, Borneo, hekta 52, una aina karibu 1,180 za miti. Kipande cha hekta 50 cha Korup, Kameruni, takriban latitudo ile ile, kina kama 500. Joto lile lile, mvua ya kutosha. Inayotajwa sana ni historia: barafu ilipokuwa imejaa kaskazini, Afrika ilikauka, misitu ikanywea ikabaki vipande, na iliyokufa haikurudi.

Tufike nyumbani. Pemba na milima ya Usambara ziko latitudo moja. Usambara ni kati ya sehemu tajiri kwa mimea katika Afrika nzima. Ile Saintpaulia, ua dogo la chunguni linalouzwa madirishani Ulaya, ilitoka kule mwaka 1892. Pemba haifikii, na haitafikia, kwa kuwa kisiwa ni kidogo, hakina mlima, na mbegu ili ifike lazima ivuke mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Bahari iliposhuka zaidi ya mita mia wakati wa barafu, Unguja iliungana na Bara, watu na wanyama wangeweza kutembea. Pemba ilibaki kisiwa. Tumepungukiwa aina, na kwa sababu hiyo hiyo tumepata vitu vya kwetu wenyewe. Mpapindi, mti wa jamii ya minazi mnaoujua wote, duniani kote uko Pemba tu. Ndugu zake wa karibu wako Bukini, yaani Madagaska, na Ngazija. Na pale Ngezi kuna kichaka cha jamii ya Erika ambacho wenzake wa Bara unawafuata juu ya milima yenye ukungu, kwetu kimesimama kwenye mchanga, usawa wa bahari.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Watu wakisikia ikweta ina aina nyingi wanadhani tuna wingi. Tuna wingi wa aina. Kila aina ina uchache. Kuna harusi yenye wageni mia tano wa ukoo mmoja, na kuna harusi yenye wageni mia tano na kila ukoo umeleta mtu mmoja au wawili. Hii ya pili ndiyo msitu wa ikweta. Mti wa msonobari unaoitwa Pinus sylvestris unaota kutoka Uskoti na Hispania mpaka karibu na bahari ya Pasifiki, Siberia. Moto ukichoma mkoa mzima wa Urusi, msonobari haujui hata kama umechomwa. Katika Amazoni, makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 yalisema kuna aina kama 16,000 za miti, na aina 227 peke yake ndizo nusu ya miti yote. Maelfu zilizobaki zinagawana nusu nyingine, na kati ya hizo ziko ambazo miti yake yote haiwezi kujaza wilaya.

Kwa Mpemba mfano wa karibu zaidi ni mkarafuu. Tunauona kama wa kwetu, lakini ulikuwa mti wa visiwa vichache vidogo vya Maluku, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Dunia yake yote ilikuwa ile. Wafaransa waliutoa miaka ya 1770 wakaupeleka Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba. Kwa hiyo mti uliokuwa mgeni adimu, wa visiwa vya kuhesabika kwa vidole, ukafyekewa msitu wa kisiwa kingine cha ikweta, wenye miti yake adimu. Siulaumu mkarafuu, umetusomesha wengi humu ndani, mimi nikiwamo. Nasema tu kwamba Ngezi ndiyo sehemu kubwa ya kilichobaki.

Na joto linaongezeka. Huko kaskazini, mimea ya baridi ikisogea, mimea ya joto inakuja kujaza nafasi. Sisi tulio chini, usawa wa bahari, karibu na ikweta, tukipoteza aina kwa joto, ya kuchukua nafasi itoke wapi? Hakuna nchi yenye joto zaidi yenye msitu wa mvua wa kutuazima mbegu. Mti wa Bara unaweza kupanda mlima taratibu, kizazi kwa kizazi. Mpapindi upande wapi?

Sasa kazi. Alikuwapo Mmarekani, Alwyn Gentry, aliyefariki kwa ajali ya ndege Ecuador mwaka 1993. Yeye alipima misitu ya dunia kwa njia moja rahisi: mistari kumi, kila mmoja urefu mita 50 na upana mita 2, unaandika kila shina lenye unene wa sentimita 2.5 au zaidi. Jumla yake ni sehemu ya kumi ya hekta. Kwa kuwa alitumia kipimo kile kile kila alipokwenda, ikweta na mbali nayo, hesabu zake zinalinganishika. Mwalimu wenu wa bailojia ameshakubali tufanye hivyo hivyo: mistari kumi Ngezi, kwa ruhusa ya watu wa misitu, na mistari kumi katika shamba la mikarafuu la mzee mmoja wa hapa Konde ambaye hakutaka nimtaje.

Kila kundi liwe na kamba ya mita 50, fimbo ya mita 2, utepe wa fundi cherehani na daftari. Utepe unapima mzunguko, si unene, kwa hiyo shina la kuandikwa ni lile ambalo mzunguko wake ni sentimita 8 kwenda juu. Pimeni usawa wa kifua. Jina la Kiswahili kwanza. La kisayansi tutalitafuta baadaye. Mkikuta mti msioujua, chukueni jani lililoanguka, lipeni namba, jioni mkalioneshe bibi au mzee anayekata dawa, maana wao watakuwa na jina na pengine majina mawili. Mpapindi usikatwe hata jani, uandikwe tu. Na kundi litakalopita kwenye matope lije na viatu vya kufunga, malapa yatabaki humo humo.